Baiskeli ya kwanza ya triathloni kwa laki nne na nusu: beba rula, achana na rangi

Nilikuwa kimya kidogo, si unajua tena mambo ya kusaka riziki. Tangu niseme hapa kwamba sisi vijana wanne wa Mafiga tunafanya mazoezi ya triathloni, kila wiki naulizwa swali lile lile: "Mwana, nina kama laki nne hivi, ninunue baiskeli gani?" Kuna mmoja alinikamata stendi ya Msamvu, basi linapiga honi kuondoka, yeye bado ananiuliza gia ngapi zinatosha. Nikasema basi, ngoja niyaandike yote mara moja. Kama uko kafe na dakika zako zinahesabika, ruka uende moja kwa moja kwenye habari ya saizi na tairi, maana hapo ndipo hela za watu zinapopotelea. Zangu zilipotelea hapo hapo.

Kwa wageni wa mchezo huu: triathloni ni michezo mitatu mfululizo. Unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka unakimbia, na saa haisimami hata wakati unahangaika kuvaa viatu. Ile fupi ambayo wengi huanza nayo ni kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, mbio kilomita 5. Ya Olimpiki, iliyoingia Sydney mwaka 2000, ni mara mbili ya hiyo, yaani kilomita 1.5, 40 na 10. Halafu kuna ya wendawazimu, Ironman, iliyoanza Hawaii mwaka 1978 na washiriki 15 tu: kilomita 3.8 majini, 180 juu ya baiskeli, kisha marathoni nzima. Nusu ya hiyo ilifika kwa majirani zetu mwaka 2022, pale Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu.

Ziangalie tena hizo namba. Iwe fupi, iwe ndefu, sehemu kubwa ya muda wako utaimalizia juu ya siti. Ndiyo maana baiskeli isiyo yako itakuumiza mara mbili, kwanza ukiwa juu yake, halafu unaposhuka ukatakiwa kukimbia na mgongo umeshakufa ganzi.

Nianze na aibu yangu. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua cha kuchapa barua na CV za watu kwenye steshenari. Nikadunduliza hadi laki mbili na ishirini. Dada yangu anauza vitumbua sokoni Mafiga, na wiki hiyo zamu yake ya kupokea mchezo wao wa akina mama ilikuwa imefika. Akanikopesha laki moja. Akaniambia, "Mdogo wangu, hizi ni sare na madaftari ya mpwa wako Januari. Usinichezee." Nikamwambia, "Dada, wewe amini tu."

Nikaenda Dar. Nikaiona baiskeli ya mtumba, bluu inang'aa, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, na katikati ya usukani zimefungwa zile fimbo mbili za mbele za kulalia viwiko, kama za kwenye picha za Ironman. Muuzaji akasema, "Hii ya Ulaya, mashindano yenyewe." Mimi macho yameshakwama kwenye zile fimbo. Sikuipima, sikusoma namba ya tairi, sikumwuliza fundi yeyote. Laki tatu na ishirini, mkono kwa mkono. Nilirudi Moro nimekaa kwenye basi nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Wiki ya kwanza nikaona raha. Wiki ya pili shingo inauma, mabega yanauma, na kila nikisimama ghafla kwenye makutano bomba la juu linanigusa mahali ambapo wanaume hatupendi kuguswa. Wiki ya tatu, nikiwa karibu na Bwawa la Mindu, tairi la nyuma likapasuka, ule mpasuko wa ubavuni usiozibika kwa kiraka. Nikasukuma hadi Mafiga kwa fundi wetu, mzee ambaye ameshika spana kabla baba yangu hajaoa. Akachukua tairi la Phoenix, la inchi 28, akalivalisha. Likaingia kirahisi mno. Tukajaza upepo, likachomoka kwenye ringi, paa! Mzee akainama akasoma ubavu wa tairi bovu, akafuta vumbi kwa kidole. "Mwanangu," akasema, "hii ni 630. Hapa mjini hulipati."

Nilizunguka hadi soko la Chifu Kingalu na maduka yote ya spea ninayoyajua. Hakuna. Ndo nikaelewa nini nimenunua.

Sasa hapa tulia, maana somo lenyewe ndilo hili. Inchi zinazoandikwa kwenye tairi za baiskeli zinadanganya. Tairi mbili zinaweza kuitwa "28" zote na zisiingiliane. Namba ya kweli ni ile ya tarakimu tatu inayokuja baada ya kistari, kwa mfano 25-622 au 40-635. Ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa, zote kwa milimita. Phoenix, Avon na ndugu zao wa kubebea magunia wanatumia 635. Baiskeli za mbio za zamani kutoka Japani na Ulaya, zile zinazoandikwa 27, zinatumia 630. Za mbio za kisasa, zinazoandikwa 700C, ni 622. Tofauti ya 630 na 635 ni milimita tano tu, lakini hizo tano ndizo zilizofanya tairi letu liruke.

Ukiwa Morogoro kamata 622. Ndiyo kipimo kinachotumika duniani leo kwa baiskeli za mbio, na ringi za baiskeli za mlima zinazoitwa 29 ni 622 hiyo hiyo, ingawa tairi zake ni nene mno kupita kwenye fremu ya mbio. Hata hivyo, ukikutana na fremu nzuri yenye ringi za 630 usikimbie papo hapo. Ringi za 622 zinaingia humo, mradi breki zako ziweze kushushwa milimita nne kuufikia ukingo mpya. Mwombe fundi alegeze nati ya kipande cha breki uone kama kina nafasi ya kushuka. Kikigoma, acha.

Kuna tairi nyingine ya kuogopa, ile iliyoshonwa ikawa kama nyoka mzima, tyubu iko ndani na tairi lenyewe linagundishwa kwenye ringi kwa gundi. Zilikuwa tairi za mabingwa wenye gari la spea nyuma yao. Ukipata pancha na hiyo barabara ya Mzumbe, ni kutembea.

Na valvu je? Ringi nyingi za mbio zina tundu dogo la valvu nyembamba, ile unayolegeza kinati juu kabla ya kujaza upepo. Tyubu yenye valvu nene kama ya pikipiki haipiti hapo. Kuna fundi atakwambia atoboe tundu liwe kubwa. Kwenye ringi nyembamba mimi nakataa, unaipunguzia nguvu pale pale inapohitaji. Nunua tyubu sahihi mbili za akiba siku hiyo hiyo, pamoja na kile kichwa kidogo cha kubadilishia ili pampu ya kawaida ishike.

Turudi kwenye saizi. Laiti ningejua hesabu hii ya dakika tano. Vua viatu, simama mgongo ukutani, bana kitabu chenye jalada gumu kati ya miguu, kipandishe hadi kigote juu kama vile umekaa kwenye siti, weka alama ukutani kwa penseli. Pima kutoka sakafuni hadi alama. Mimi ni sentimita 80. Zidisha kwa 0.67, unapata urefu wa fremu unaokufaa, unaopimwa kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi juu kabisa pale bomba la siti linapoishia. Kwangu ni 53.6, sema 54. Ile bluu yangu nilipoipima, baada ya maji kumwagika, ilikuwa 59!

Kipimo hicho hicho zidisha kwa 0.883, unapata urefu wa siti yako kutoka katikati ya ekseli hadi juu ya siti. Kwangu ni kama 70.6. Hesabu hii imetangazwa sana na Mmarekani Greg LeMond, aliyeshinda Tour de France mara tatu, na mafundi wengi wanaanzia hapo kabla ya kurekebisha kidogo kidogo. Vijana wengi wa kitaa wanakalia siti chini sana ili miguu yote iguse ardhi. Magoti yanaumia na nguvu inapotea. Ukiwa umekaa, pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu.

Hesabu ya fremu ni ya baiskeli za zamani ambazo bomba la juu limelala sawa kama meza, na mtumba mwingi wa bei zetu ni wa namna hiyo. Kwenye zile mpya ambazo bomba linateremka kuelekea nyuma, namba ya fremu inakuwa ndogo, kwa hiyo ipande ndo uamue. Ukiwa umesimama umeitanua miguu, bomba la juu libakize angalau vidole viwili kabla halijakugusa. Ukishika usukani viwiko vikunje kidogo. Kama mikono imenyooka kama unasukuma toroli, ni ndefu. Shingo ya usukani inaweza kubadilishwa ukaokoa sentimita mbili tatu, zaidi ya hapo unajidanganya.

Najua mtauliza, sasa mbona hatuzungumzii baiskeli ya triathloni yenyewe, ile yenye fimbo za kulalia? Tuizungumze, kwa sababu ndiyo iliyonitia mkenge. Adui mkubwa wa mwendesha baiskeli kwenye tambarare ni upepo. Ukitoka mwendo wa 15 kwa saa ukaenda 30, upepo unakusukuma nyuma mara nne, siyo mara mbili. Na sehemu kubwa ya upepo huo inapiga mwili wako, siyo chuma. Ndo maana wakabuni namna ya kulala mbele, mikono imekaribiana, mgongo chini. Wana triathloni walizitumia sana fimbo hizo kabla hazijaenea kwa waendesha baiskeli wenyewe. Huyo huyo LeMond alizifunga siku ya mwisho ya Tour ya 1989 na akamshinda Mfaransa Laurent Fignon, ambaye hakuwa nazo, kwa sekunde 8 baada ya wiki tatu za kupanda milima. Kwa hiyo siyo urembo, zinafanya kazi.

Ila sikiliza. Baiskeli ya triathloni kamili imejengwa hivyo tangu kwenye fremu. Siti imesogezwa mbele ili ulale bila kubana nyonga na ubakishe misuli ya kukimbilia. Kwenye barabara iliyofungwa, lami laini, hakuna gari, ni mashine tamu. Sasa ilete hapa kwetu. Ukiwa umelala kwenye fimbo, mikono yako iko mbali na breki. Bajaji inakata kona bila taarifa, bodaboda anatoka kushoto, na barabara ya Iringa ina malori ya Zambia na Kongo yanayopita hadi upepo wake unakuyumbisha. Kwa huyo anayeanza ni kujitafutia kitanda hospitali. Tena kwenye mashindano ambayo kukaa nyuma ya mwenzako akukinge upepo kunaruhusiwa, kama ya Olimpiki, wote wanapanda baiskeli ya kawaida ya mbio yenye usukani wa pembe za kondoo. Kwa hiyo ya kwanza yako iwe hiyo ya kawaida. Fimbo utazifunga baadaye, ukishajua kuendesha kwa mkono mmoja huku unakunywa maji.

Baiskeli ya mlima je? Kama unayo tayari, anza nayo, vua tairi za meno weka laini, jaza upepo mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni. Lakini kama hela bado iko mfukoni, usinunue ile yenye springi mbele na nyuma ya bei chee. Zile springi zinakula nguvu yako kila ukisimama kukanyaga, na ni nzito bure. Uzito wenyewe lakini watu wanautukuza kupita kiasi. Utamwona jamaa dukani anainua baiskeli kwa kidole anatikisa kichwa. Mimi nina kilo 62. Baiskeli ya kilo 11 na ya kilo 9, jumla yangu inatofautiana chini ya asilimia tatu, na tofauti hiyo utaisikia ukipanda mlima, siyo unapokata tambarare kuelekea Mindu.

Sasa fremu. Chukua sumaku, hata ile ya spika iliyokufa. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, mara nyingi ni alumini, au kaboni kama umebahatika, au umekosa bahati. Kwa bajeti yetu mimi nachagua chuma bila aibu. Chuma kikipata ufa, fundi wa kuchomelea mwenye mkono mwepesi anaweza kukiokoa. Alumini inataka vifaa na ujuzi ambavyo vibanda vyetu vingi havina. Kaboni ya mtumba ambayo hujui ilianguka wapi, usiiguse, maana inaweza kuonekana nzima nje huku imekatika ndani.

Kisha inama. Angalia chini ya mabomba mawili yanayokutana na shingo ya mbele, pitisha kidole. Ukikuta rangi imejikunja mikunjo midogo kama ngozi ya bibi, baiskeli hiyo iligonga kitu uso kwa uso, rudisha pole pole uondoke. Tazama foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, kutoka pembeni. Ukiwa umepinda kuelekea nyuma ni hadithi hiyo hiyo. Angalia karibu na ekseli ya pedeli kama kuna ufa wenye kutu. Jaribu kupandisha na kushusha siti. Bomba la siti lililogandana na fremu kwa kutu halitoki, na siti isiyopanda kufikia namba yako ya 0.883 ni ya mtu mwingine.

Gurudumu linyanyue ulizungushe, tazama ukingo wake unavyopita kwenye breki. Kuyumba milimita mbili tatu fundi ananyoosha kwa spoku. Kisha lishike juu ulitikise kushoto kulia. Likicheza, gololi za ndani au koni zimekwisha, siyo gharama kubwa, lakini tumia neno hilo kupunguza bei. Ringi ziwe za alumini. Zile za chuma zinazong'aa kama kioo, mvua ikinyesha breki zinateleza tu, na mnajua mvua ya Uluguru haikutumii ujumbe kabla ya kushuka.

Breki usizionee huruma. Nyaya na vipande vya raba vyote weka vipya siku ya kwanza, hata kama vya zamani vinaonekana vizima. Juzi juzi mwenzetu alishuka njia ya Morningside na waya wa mbele ukakatika. Aliokolewa na shamba la migomba.

Kwenye gia nitapita haraka. Nyingi siyo sifa. Mbili mbele na sita au saba nyuma zinatosha kabisa, na hizo ndizo ambazo cheni na friwili zake unazipata bila kuagiza. Ukinunua ya kumi na moja nyuma, siku cheni ikikatika utaanza safari za Dar. Vishikio vya gia vikiwa kwenye bomba la chini, siyo kwenye usukani, wala usijali, ni vya zamani lakini haviharibiki. Angalia tu gurudumu la meno la nyuma kubwa liwe na meno 28 hivi, la sivyo vilima vitakunyoosha.

Cheni unaipima kwa rula ya shule. Ivute inyooke, hesabu pini, na pingili kumi kamili (moja nyembamba na moja pana ni kamili moja) zinatakiwa kuwa milimita 254. Zikifika 255 na nusu, badili cheni. Zikizidi 256, cheni imeshatafuna na meno ya nyuma, kwa hiyo hesabu gharama ya vyote viwili kabla hujakubali bei.

Kofia ngumu ni lazima. Kwenye triathloni huruhusiwi kuigusa baiskeli kabla kofia haijafungwa kidevuni, waamuzi wanakuadhibu. Usinunue ya mtumba yenye ufa wala iliyowahi kuanguka. Viatu vya kubana kwenye pedeli vinaweza kusubiri. Mashindano ya kwanza endesha na raba zako za kukimbilia, unashuka na kutimka moja kwa moja, wenzako bado wanafungua viatu.

Mwisho wa ile bluu ulikuwaje? Nilimwuzia kaka mmoja mrefu wa Kihonda kwa laki na themanini. Nilimweleza kila kitu, tairi na yote. Yeye akaifungia ringi za 622, breki zikashuka vizuri, na sasa anatupita nayo bila kutokwa jasho, kwa sababu miguu yake ni ya 59. Dada nikampa laki yake siku hiyo hiyo. Alizihesabu, akazifunga kwenye kanga, akasema, "Na elfu themanini hiyo, kaka, usiende nayo Dar." Nikachapa barua za watu miezi tisa.

Safari ya pili nilienda na rula, sumaku, na karatasi yenye namba tatu: 54, 70.6, 622. Niliziacha baiskeli saba. Ya nane ilikuwa ya kijani iliyochujuka, ya Kijapani, chuma, gia 12, rangi imebanduka kama ukuta wa shule. Aliniambia laki tatu na themanini. Gurudumu la nyuma lilikuwa linacheza, nikamwonyesha, tukaishia laki tatu. Tairi mbili na tyubu nne, elfu sabini. Nyaya na raba za breki, elfu ishirini. Kofia elfu arobaini na tano. Mzee wetu wa Mafiga alinyoosha spoku na kubadili gololi kwa elfu tano, kwa bei ya mtoto wa mtaani, nyie wengine mtalipa zaidi. Jumla laki nne na arobaini. Elfu kumi iliyobaki ikaenda kwenye viraka, solusheni, grisi na soda ya mzee.

Jumapili iliyopita tulifanya ya kwetu. Kuogelea tulifanya kwenye bwawa la hoteli, mita 15, kwenda na kurudi hadi zitimie mara hamsini. Mindu hatuingii, yale ndiyo maji ambayo sehemu kubwa ya mji tunakunywa. Kisha barabara ya Iringa saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla malori hayajachangamka, kilomita kumi kwenda na kumi kurudi, halafu mbio tano kuelekea SUA. Kwa ile bluu, kilomita 20 zilikuwa zinanichukua dakika 51 na nilikuwa nashuka nimepinda kama ndoano. Kwa ya kijani nilitumia 44, nikashuka nikakimbia. Nilikuwa wa tatu kati ya wanne. Aliyeshinda ni yule wa Kihonda na ile bluu yangu, na dada, aliyekuja na ndoo ya vitumbua kutusubiri, ndiye aliyempigia vigelegele vikubwa zaidi.

Mwenye swali atupie hapo chini, ila aandike kwanza kipimo chake cha kitabu na ukuta. Bila hicho sijibu.